Chale za Mke Mwenza

Afisa uhamiaji aliwapita wote waliokuwa wakiokota korosho, akamshika mkono mke mwenza wa Stamili kwa sababu ya chale zake za shavuni.

"Sura za Msumbiji hizi. Panda gari!"

"Nimezaliwa hapahapa Makote, afande. Muulize dada yangu huyu."

Ilikuwa kweli tupu. Aliyevuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji mgongoni mwa mama yake ni Stamili, ila shavu lake laini hakuna aliyewahi kulitilia shaka.

Zile chale! Jana tu mume wao alikuwa akizipapasa mojamoja kwa kidole, Stamili akiwapakulia ugali.

"Mama, unamfahamu huyu?"

Stamili aliinama, akaokota bibo, akalinyonga korosho yake taratibu.

"Mume wangu ndiye aliyemleta," alisema. "Kwao sikujui."