Habari Zisizoteremshwa

"Mama hajambo," alijibu msimamizi kwa simu kutoka juu, kama alivyojibu jana na juzi.

Fundi wa kuchomelea aliirudisha simu mahali pake. Ilikuwa siku yake ya kumi na tisa katika nyumba ya chuma iliyojengwa chini ya bahari, yeye na mwenzake, wakiunga mabomba ya mafuta. Alipoondoka nyumbani, mama yake alikuwa kitandani, yu hoi.

Kutoka humo hakukuwa kufungua mlango tu. Mtu aliyezoea mkandamizo wa kilindini hufungiwa chumbani siku tano, mkandamizo ukipunguzwa kidogo kidogo; akiharakishwa, hufa. Kwa hiyo palikuwa na sharti: habari ya msiba haiteremshwi. Sharti hilo aliliandika fundi mwenyewe, mwaka ule mwenzao mmoja alipoambiwa kwamba baba yake amefariki, akaukimbilia mlango, wakamshika watu wanne.

"Mama amekufa," alimwambia mwenzake.

"Ndugu yangu, si umeambiwa hajambo?"

"Mke wangu alikuwa akipiga simu kila siku. Yule hajui kusema uongo. Sasa siku ya sita, kimya."

Siku ya kwanza wote wawili walimsikia mke huyo akiicheka sauti ya mumewe, iliyokuwa nyembamba kwa sababu ya hewa waliyovuta humo: "Huyu wa tumboni akikusikia, atadhani baba yake ni kifaranga!"

"Basi omba upandishwe."

"Nikamwone nani? Wameshazika."

Akavaa kofia yake ya kuzamia, akaenda kuchomelea. Alimaliza kazi bila dosari. Katika zile siku tano za kungoja, aligeukia ukuta, akamwomba mama yake radhi kwa kuyathamini mabomba ya watu kuliko yeye. Kisha akapanga, neno kwa neno, namna atakavyomfariji mkewe.

Mlango ulipofunguliwa, mama yake alikuwa amesimama nje, mzima.

Fundi alipiga magoti akicheka, kwa ile sauti yake nzito iliyokuwa imemrudia.

Mama hakucheka. Alifunua shuka aliyoikumbatia, akamwonyesha mtoto mchanga.

"Mpokee mwanao," alisema. "Tumebaki naye mimi na wewe."