Uji Mtamu wa Mzee Kiluwa

Siku hizo kila mtu alitakiwa kula unga wa majani ya kinga kila asubuhi. Mshipa ukiziba, madaktari waliuzibua kwa aliyeuzoea unga huo tu. Kwa mwingine, damu ikirudi kwa kishindo ingeiunguza nyama ya mwili badala ya kuifufua.

Mzee Kiluwa aliuchukia uchungu wa unga huo uliotiwa katika uji wake. Mkewe, Zawena, akamwonea huruma, akawa anampikia uji mtupu wa maziwa bila kumwambia.

"Siku hizi uji wako mtamu, mke wangu," Kiluwa alimsifu.

Damu ilipoganda mguuni mwake, daktari alimpima, akatikisa kichwa. "Mama, hana kinga hata chembe. Hatuwezi kuuzibua mshipa. Itabidi tuukate mguu."

Zawena akaangua kilio, akamweleza mumewe yote. Kiluwa akamshika mkono. "Ulinionea huruma tu," akasema, na maneno hayo yakamchoma Zawena kuliko tusi.

Mguu ulikatwa, Kiluwa akapona. Siku waliyorudi nyumbani, binti yao Mwatumu aliwatangulia jikoni.

"Pumzika, mama," alisema kwa upole. "Baba nitampikia mimi."

Zawena akaketi sebuleni, mikono mapajani, akasikia mlango wa jikoni ukifungwa taratibu.