Kuangalia ni Kutoka Mlangoni

"Mama, rudisha mguu nje!" dalali alifoka. "Kuangalia ni kutoka mlangoni. Hakuna kuingia, hakuna kugusa, hakuna kuuliza habari za kilichomo. Ndivyo inavyosema sheria ya mali iliyotelekezwa."

Mkunga mstaafu akarudi nyuma ya mstari wa chaki. Moyo wa seremala ukamlipuka paa! Alikuwa amesimama ndani ya stoo ile tangu asubuhi, suti imenyooshwa, nywele zimechanwa, kando ya kabati alilolichonga kwa mikono yake mwenyewe. Vitu vyote vile viliachwa na mkewe siku aliyohama. "Nitarudi kuchukua vilivyobaki," alisema, na huyoo, akaenda zake moja kwa moja. Matangazo ya onyo yalibandikwa mlangoni mpaka yakapauka kwa jua.

Kisichonunuliwa leo kingepelekwa dampo. Hilo ndilo lililomkosesha seremala usingizi. Jana alimsihi dalali amruhusu anunue yeye mwenyewe, hata kwa bei ya kutupa.

"Wewe sheria inakukataza kabisa," dalali alimjibu. "Sikuitunga mimi, ndugu yangu. Simama wima, usiongee na wateja, mengine niachie mimi."

Basi akasimama wima. Lakini mtu mzima kufunga mdomo huku watu wakiponda vitu vyake, jamani, si mchezo!

"Makorokoro tu haya," alisema muuza mitumba, akimulika tochi ndani. "Yatanijazia nyumba bure."

"Hujui kitu wewe," mkunga akamkata. "Vya zamani ndivyo vinavyodumu." Tochi yake ikapita kwenye kabati, ikapita kwenye meza, ikampata seremala usoni. Aliona haya, lakini akajikaza akatabasamu.

"Siwezi kuchagua kimoja kimoja?" mkunga aliuliza.

"Hapana, mama. Ni chumba kizima, kilivyo, na hakuna kurudisha. Ukishanunua, hapo sasa ingia, gusa, uliza utakacho."

Muuza mitumba akataja bei ya dharau. Mkunga akapandisha. Muuza mitumba akaguna, naye akapandisha. Seremala jasho likamtiririka mgongoni. Ee Mola, aliomba kimoyomoyo, yule mama, yule mama! Mkunga akapandisha tena, na muuza mitumba akazima tochi, akaondoka akibwata.

Dalali akagonga nyundo. Chumba kimeuzwa! Machozi yakamlengalenga seremala kwa furaha.

Mkunga akaingia, wapakizi nyuma yake.

"Kabati lilazeni chali, meza iwe juu yake," akawaagiza. "Huyu naye ni wangu sasa, atakaa mbele kwenye lori pamoja nami." Akampangusa seremala vumbi begani, akamtazama vizuri kuanzia juu mpaka chini. "Haya, sasa naruhusiwa kuuliza. Baba, unakoroma?"