Kwaheri ya Birika Band

Kalondu, yule wa kuuza mandazi karibu na posho mill, pale pa kusaga unga, anaapa aliona kwa macho yake. Saa sita mchana, jua la kuchoma, mwanamke amesimama nje ya ua wa Nzisa. Amejifunika mtandio mweusi, macho amefunga. Ndani, Nzisa alikuwa anafua nguo zake akiimba. Alipoacha kuimba, yule mwanamke akafungua macho akaenda zake.

“Nilimsalimia mara mbili, akanipita kama mimi ni mti,” Kalondu akasema. “Na kivuli sikuona.”

“Saa sita nani ana kivuli, mwaitu, mama yangu?” Nzisa akamjibu. Lakini hakucheka, na ile shuka aliyokuwa anakamua aliendelea kuikamua hata kama haikuwa inatoa maji tena.

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Mara ya kwanza ilikuwa kwa harusi huko Kyuso. Baadaye kwa baraza ya chifu, kisha kwa shule. Popote Birika Band ilipocheza, huyo mwanamke alikuwa nyuma ya watu. Hakupiga makofi. Alifunga macho tu, hasa Nzisa akianza kuimba.

Bendi yenyewe ilikuwa watu watatu. Mulei alipuliza birika kubwa la chai, likalia kama tarumbeta yenye mafua. Nyamai alipiga sinia ya wali, ile ya kula watu wanane. Nzisa aliimba akitingisha kengele ya mbao ya ngamia. Watu walicheka kabla hata wimbo haujaanza. Miaka miwili iliyopita Nzisa alikuwa tu msichana wa kufulia watu nguo. Sasa hata watoto asiowajua walimwita kwa jina.

Nzisa hakuwahi kuongea mbele ya watu. Kuongea ilikuwa kazi ya Mulei, na kila mara alianza na hadithi ya vile bendi ilizaliwa.

“Lori lilibingirika pale kona ya mto,” alikuwa akisema. “Watu walikuwa wanahama na nyumba nzima. Wenyewe wakachukuliwa na ambulensi, vyombo vikabaki kwa majani vinalia peke yao. Sasa ungekuwa wewe, ungeviacha vilie?”

“Hapana,” watu walijibu, wakicheka.

Tangu yule mwanamke aanze kuja, Nzisa alimkataza Mulei hiyo hadithi.

“Si ni ya kuchekesha?” Mulei akauliza.

“Ilikuwa.”

Nyamai ndiye alikuwa wa kwanza kushindwa kuvumilia. Alisema sinia imekuwa nzito, ati akiigonga anasikia mtu anagonga kutoka upande ule mwingine.

“Wewe acha hiyo pombe ya mama yako,” Mulei akamwambia.

“Cheka tu. Huyo ndiye mwenye vyombo. Anasikiliza birika lake na sinia yake. Siku moja atakuja na polisi.”

“Basi tumrudishie,” Nzisa akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa amekonda, sketi ameifunga na kamba. Kila mtandio mweusi barabarani ulimfanya arudi nyumbani. Alitaka kitu kimoja tu: yule mwanamke aende.

“Tucheze mara ya mwisho, siku ya soko, mjini Mwingi. Tuage watu, tumpe kila kitu, tumalize.”

“Na wewe utarudi kufua?” Mulei akauliza.

“Nitarudi kufua.”

Siku ya soko walicheza karibu na mahali pa mbuzi. Malori yalikuwa yamepanga foleni, wafanyabiashara wanashika mbuzi migongo na kubishana. Mulei aliposema hii ni kwaheri, watu wakalalamika. Mzee mmoja akapaza sauti, “Kwani mmeamua kupikia hivyo vyombo?” Watu wakaangua kicheko.

Yule mwanamke alikuwepo. Alisimama kando ya lori, macho amefunga.

Nzisa akaanza kuimba. Katikati ya wimbo sauti ikamkauka. Mulei akapuliza kwa nguvu kumfunika, lakini Nzisa akainua mkono, akanyamazisha birika, akaongea na watu kwa mara ya kwanza.

“Huu ndio mwisho wetu,” akasema. “Mtusamehe. Asanteni.”

Nyuma kule, yule mwanamke akafungua macho.

Watu walipotawanyika, akaja. Kwa karibu hakuwa jini. Alikuwa msichana tu wa rika la Nzisa, na mkono mmoja ambao haukunyooka. Akawasalimia vizuri, akasema anaitwa Ruqiya.

Nzisa alikuwa ameshaweka vyombo vyote kwa gunia. Akalisukuma mpaka miguuni pa Ruqiya.

“Chukua, dada. Ni vyako. Hatukuuza hata kimoja.”

Ruqiya hakuliangalia gunia.

“Mimi sikuja kwa vyombo.”

“Basi unataka nini?” Mulei akauliza. Nyamai alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua.

“Sura zenu sikuziona ile siku ya lori,” Ruqiya akasema polepole. “Nimewafuata kwa sikio. Lakini mtu akiimba, sauti inabadilika. Sikuwa na hakika. Leo ndiyo umeongea.”

Alikuwa anamwangalia Nzisa peke yake.

“Ambulensi ilifika jioni. Nyinyi mlifika asubuhi. Mimi nilikuwa chini ya turubai na mtoto wangu, na yeye alikuwa bado analia. Nilikuomba maji. Ukaniambia, ‘Ngoja, dada, nakuja.’”