Bibi Nyati na Maksai Mwenye Chapa

Wenye bunduki walipokwisha kuwamaliza nyati wa mbuga za Amerika, walisalia Bibi Nyati na mjukuu wake mmoja tu. Mahali pa wenzao wakaletwa ng'ombe. Maksai mmoja, mwenye chapa ya tajiri pajani, akamwambia, "Bibi, hama. Nyasi hizi sasa ni zetu."

"Risasi zimenishindwa, nihamishwe na wewe? Hata hilo paja lako si lako!"

Siku ya tatu ikaja dhoruba ya theluji. Ng'ombe wakaipa mgongo wakakimbia, nayo ikawasukuma mpaka kwenye seng'enge, wakanasa. Mjukuu wa Bibi naye akageuka akimbie. Bibi akamzuia kwa pembe.

"Geuza uso! Ukiikimbia utakwenda nayo. Ukiikabili mtapishana."

Wakaiendea, kichwa mbele, hadi ikawapita. Kisha Bibi akaifagia theluji kwa kichwa chake kikubwa, nyasi zikaonekana.

Maksai, aliyejinasua peke yake, akaja akichechemea. "Bibi, tafadhali, nigawie kidogo."

"Kula," akasema Bibi Nyati, bila kumtazama. "Ukishiba, uniambie tena nyasi hizi ni za nani."