Mtoto Asiyegeuka

Mama yake alipotoka na mlango kufungwa, Kidoti hakugeuza hata shingo. Aliendelea kupanga matofali yake ya plastiki, moja juu ya jingine, kana kwamba aliyetoka ni mtu aliyekuja kusoma mita.

Nyuma ya kioo, daktari wa akili za watoto alitazama saa. Baada ya dakika tatu muuguzi wake aliingia chumbani kama walivyopanga, mtu baki kwa mtoto, akakaa kimya kwenye kiti. Kidoti akamwendea, akampa tofali moja, akamwegemea gotini.

Mama aliporudi, mikono wazi, akiita, "Njoo mwanangu, mama nimerudi," mtoto alitazama ukuta.

Hicho kilikuwa kipindi cha tatu. Jumatatu ilikuwa vilevile. Jumatano vilevile.

"Umejionea mwenyewe, daktari," mama alisema ofisini, leso imeloa chapachapa. "Miaka miwili tangu tumtoe makao ya watoto. Namwogesha, namlisha, nambembeleza. Kwake mimi na kabati hatuna tofauti." Akaweka mkono tumboni, mimba ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuonekana. "Na sasa namwogopa. Juzi nimemkuta amesimama analikodolea macho tumbo langu. Ana miaka sita tu, lakini damu ilinisisimka."

Daktari alimsogezea boksi la tishu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, na mahakama ya watoto haikuwahi kuitilia shaka ripoti yake hata moja. Hilo alijivunia kuliko vyeti vyote alivyotundika ukutani.

Mama na mtoto walipoondoka, muuguzi alibaki amesimama mlangoni.

"Daktari, kuna kitu hakijanikaa sawa. Aliponiegemea, moyo wake ulikuwa unadunda kama wa mtu aliyetoka mbio. Na mama yake alipotoka, mtoto alijing'ata mdomo mpaka ukatoka damu."

"Watoto wa namna hii hawajui nani ni wa kwao, mdogo wangu. Ndiyo maana wanamwegemea yeyote."

"Basi twende kwao mara moja. Tumwone akiwa nyumbani."

"Kesi ya kumrudisha makao inasikilizwa Jumatatu."

"Hata nusu saa tu, daktari."

"Wewe una huruma sana," daktari alisema, akivaa miwani. "Huruma haipimi mtu."

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba mtoto ametembelewa nyumbani. Daktari alikitia alama ya vema bila mkono kusita. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri uliosifiwa na mahakimu, akaandika: *Mtoto hana ukaribu wowote na mama aliyemuasili. Kutenganishwa naye hakutamuumiza.*

Hakimu hakuchukua hata robo saa.

Wiki iliyofuata walikabidhiana palepale kliniki, asubuhi. Afisa ustawi wa jamii alikuja na karatasi zake. Mama alikuja na begi dogo lenye nguo za mtoto, akaliweka kwenye benchi la ukumbini, akatia saini sehemu nne. Kisha akampapasa Kidoti kichwani, mara moja, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto.

"Haya, mwanangu," alisema, akatoka.

Kidoti alikuwa ameupa mlango mgongo. Hakugeuka. Nje, mume wa mama alikuwa kwenye gari, injini inanguruma. Mlango wa gari ukabamizwa, matairi yakasaga kokoto, kisha kukawa kimya. Mtoto alisimama vilevile, ngumi amezikunja, macho hayachezi.

Daktari alimgeukia muuguzi, akainua nyusi. *Unaona sasa?* Muuguzi akainamisha kichwa.

Afisa alibeba lile begi. "Twende, binti yangu," alimwambia mtoto kwa upole. "Gari linatungoja."

Kidoti hakumfuata. Alimsogelea daktari, akavuta pindo la koti lake jeupe.

"Ameshaondoka?" alinong'ona.

"Ameshaondoka."

Mtoto alishusha pumzi ndefu iliyomtikisa mabega. Uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu ambalo daktari hakuwa ameliona katika vipindi vyote vitatu.

"Nimeshinda, eti?"

"Umeshinda nini?"

"Mama alisema nikiwa kwako nisimwangalie, nisimlilie, niende kwa mtu mwingine," Kidoti alisema, akijipangusa machozi yaliyoanza kumtiririka. "Alisema nikiweza mpaka mwisho, hatanirudisha kule makao tena."