Kisahani cha Njano

Siku ya tatu ya safari yao, Hizza alisimamisha gari kwenye maporomoko ya maji, pale penye kapu la chuma lenye minyororo. Mchezo wenyewe ni kurusha kisahani cha plastiki mpaka kitue kapuni. Sihaba, mkewe, alikuwa hajatia hata kimoja tangu waondoke nyumbani.

"Mkono wako wa kukunia nazi, mke wangu," Hizza alimtania. "Tazama wanaume."

Akarusha. Kisahani kikapaa vizuri, kikalipita kapu bila salamu, kikazama vichakani. Akakifuata, akarudi nacho, na kingine mkononi, cha njano, kilichopauka kwa jua.

Wachezaji huandika majina yao chini ya visahani, ili kikipotea aliyekiokota akirudishe. Hizza alikigeuza, akasoma, akasoma tena. Mdomo ukabaki wazi kama mlango wa msibani.

Sihaba na Mbaruku. Mwandiko ni ule ule wa vikaratasi vya sokoni anavyopewa na mkewe kila Jumamosi.

"Kumbe mchezo huu unaujua?"

"Hukuniuliza, baba. Ulianza tu kunifundisha."

"Na Mbaruku ni nani?"

Sihaba alikichukua kile kisahani, akakipangusa vumbi kwa upindo wa khanga, akarudi nyuma hatua kumi, kule ambako Hizza mwenyewe hakuthubutu kusimama. Akarusha.

Minyororo ililia, na kisahani kikatulia kapuni kama mtu aliyerudi kwao.